Tusome kopo kabla ya kujipaka

Juma hili tuzungumze juu ya mafuta ya kung'arisha ngozi, yale yanayouzwa sokoni kwa kopo, kwa tibu, au yaliyochanganywa na muuzaji mwenyewe ndani ya beseni. Hatumcheki mtu anayejipaka. Tunataka tu kila mama ajue kilicho ndani, maana dawa zingine hazibaki juu ya ngozi, zinaingia mwilini.

Ya kwanza ni zebaki. Kwenye kopo utaona « mercure » au « calomel ». Zebaki inapita kwenye ngozi na kuingia katika damu, na inaharibu figo. Kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni na inaweza kuumiza ubongo wake. Na mtoto unayembeba anakushika shingo, kisha anatia vidole mdomoni. Kama karatasi ya ndani inasema mafuta yasiguse pete au mkufu wa zahabu na feza, hiyo ni alama ya zebaki. Mataifa ya Mapatano ya Minamata yalikubaliana mwaka 2023 kwamba baada ya 2025 mafuta ya namna hiyo hayatatengenezwa tena wala kupitishwa mipakani. Lakini muuzaji hasomi mapatano. Inabaki kwetu kusoma kopo.

Ya pili inaandikwa « hydroquinone ». Mwanzoni uso unang'aa. Ukiendelea muda mrefu, madoa meusi yenye kuelekea buluu yanatokea mashavuni, na kuyaondoa ni kazi ngumu sana. Umoja wa Ulaya na jirani zetu wa Rwanda wanaikataza katika mafuta ya kung'arisha ngozi.

Ya tatu ni « clobétasol », na ndugu yake « bétaméthasone ». Hizi ni dawa za kweli: munganga anaziandika kwa ugonjwa wa ngozi, mahali padogo, kwa muda mfupi. Mama akijipaka mwili muzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, na hata sukari na presha vinaweza kupanda. Siku ya kupasuliwa ili azae, kidonda kinakawia kufunga. Hapo uzuri umekuwa hatari ya maisha.

Basi, tufanye nini?

Kopo lisilo na maandishi, tusilinunue. Mchanganyo wa beseni hauna mtu anayejua kipimo chake, hata muuzaji.

Watoto wachanga wapakwe vazilini au mafuta ya nazi, basi.

Kama umetumia clobétasol muda mrefu, usiiache kwa siku moja, maana mwili umeizoea. Nenda kituo cha afya na tibu yako mkononi, munganga akupunguzie polepole. Na kama una mimba au umepewa siku ya kupasuliwa, mwambie ukweli unajipaka nini. Hatakugombeza, atajua namna ya kukulinda.

Katika mkutano ujao wa kikundi chenu, kila mama alete kopo lake la mafuta. Anayejua kusoma asomee wengine, tutafute majina haya pamoja. Na binti zetu wakae karibu wasikie, kwani wao ndio wanaoanza kujipaka leo.

Mukae salama hadi juma lijalo.