Umbo la Uso Wako Halina Kosa

Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye duka moja la miwani Dar es Salaam nikiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Kijana wa dukani, mpole kabisa, hakuiangalia karatasi. Aliniangalia usoni, akageukia kadi iliyobandikwa ukutani, akanirudia. Kadi ilikuwa na nyuso nne: yai, duara, mraba na moyo.

"Dada, wewe uso wako ni wa duara," akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Kwa hiyo ya duara usiguse kabisa. Chukua hii ya pembe, itaupunguza uso."

Itaupunguza! Na mimi, mtu mzima, msomaji wa vitabu, ninayejidai kubishana na waandishi wakubwa kwenye ukurasa wa kwanza tu, nikakubali. Nikanunua miwani pana, nyeusi, ya pembe nne. Nilikaa nayo mwaka na nusu, ikiteleza puani kila nikiinama kusoma, ikinikanyaga mashavu kila nikicheka. Mwisho nikawa naivaa nikiwa peke yangu tu. Barabarani nilitembea kama kipofu mwenye heshima zake, nawapita marafiki bila salamu, wananiita mringaji.

Kwa hiyo leo nataka kugombana na ile kadi. Pia nataka kugombana na wale wanaoicheka kadi kwa sababu isiyo sahihi, maana nao wamechangia.

Tuanze na kadi. Mnaijua hata kama hamjawahi kuvaa miwani, kwa sababu imejaa kwenye simu zetu. Uso wa duara, vaa pembe. Uso wa mraba, vaa duara. Uso wa moyo, vaa pana chini. Na uso wa yai? Ah, huyo avae chochote, amebarikiwa. Hapo ndipo siri inapovuja. Kadi haikusaidii kuchagua miwani. Inakuambia kwamba kuna uso mmoja ulio sawa, na zilizobaki zote ni makosa yanayohitaji kufichwa. Ushauri wote ni huo: ficha, punguza, refusha, sawazisha. Hebu tuulize, nani aliamua kwamba uso wa bibi yangu, wa mviringo kama chungu kilichotulia, una kosa la kurekebishwa kwa plastiki?

Halafu angalia watu ambao miwani iliwakaa kweli. Mtazame Patrice Lumumba na ile fremu yake nzito juu, nyepesi chini. Mtazame Malcolm X na fremu ya jamii hiyohiyo. Nani kati yetu amewahi kusimama mbele ya picha zao akasema, jamani, hapa umbo la uso halikuzingatiwa? Na Gandhi je? Mwaka 2014 Serikali ya India ilipoanzisha kampeni yake ya usafi, nembo yake ilikuwa miwani ya Gandhi peke yake. Hakuna uso, hakuna pua, ni vioo viwili vya duara na waya, na nchi nzima ikajua ni nani. Miwani ile haikurekebisha uso wa mtu. Ilivaliwa siku baada ya siku mpaka ikawa sehemu ya uso wenyewe.

Lakini hasira yangu kubwa kwa kadi si ya falsafa. Ni ya hesabu. Kadi haiulizi maswali yanayohusika.

Haiulizi habari za pua. Miwani haikai kwenye umbo la uso, inakaa puani na masikioni. Fremu nyingi zinazofika madukani kwetu zimechongwa kwa pua nyembamba iliyoinuka juu kati ya macho. Wengi wetu pua zetu ni pana na zimelala hapo juu. Ukivaa fremu ya plastiki ya namna hiyo, haina pa kushika. Inashuka, inatua kwenye mashavu, nawe unashinda ukiisukuma kwa kidole kama mwalimu mkali wa kwenye vichekesho. Kosa si la pua yako. Ni fremu ya mtu mwingine.

Haiulizi namba. Geuza miwani yako utazame upande wa ndani wa mkono wake. Mara nyingi utakuta namba tatu, mfano 52, 18, 140. Ya kwanza ni upana wa kioo kimoja kwa milimita, ya pili ni nafasi ya puani kati ya vioo viwili, ya tatu ni urefu wa mkono. Ukishaipata miwani inayokukaa vizuri, andika namba hizo mahali. Zitakusaidia kuliko chati zote duniani.

Na kubwa zaidi, haiulizi macho yako yana tatizo gani. Mimi sioni mbali, na namba yangu ni kubwa. Kioo cha mtu asiyeona mbali huwa chembamba katikati na kinene pembeni. Fremu ikiwa pana, unakwenda hadi kwenye ule unene. Fremu ikiwa ndogo na ya mviringo, mboni ikakaa karibu na katikati ya kioo, sehemu nene inakatwa na kutupwa. Maana yake ni kwamba kwa macho yangu mimi, fremu ndogo ya mviringo ndiyo ingekuwa nyepesi, nyembamba na tulivu puani. Ndiyo hasa niliyokatazwa! Kadi ilinipeleka kwenye fremu pana, fremu pana ikaleta vioo vizito, uzito ukaleta mtelezo, mtelezo ukaiweka miwani kwenye droo. Na hapo eti nilikuwa nimependezeshwa.

Sasa nigeukie upande wa pili.

Najua kuna wasomaji wanaotikisa kichwa muda huu. "Miwani ni dawa, si urembo. Mtu anaumwa macho, wewe unazungumzia kupendeza?" Ni hoja inayojiona ina busara. Mimi naiona ina madhara kuliko kadi yenyewe.

Mama yangu mdogo ndiye aliyenifundisha kupenda hadithi. Alikuwa anasoma kila kitu, riwaya, magazeti, hata karatasi ya gazeti iliyofungiwa maandazi. Alipofika miaka arobaini na kitu akaacha. Tukimuuliza anasema, "Uvivu umeniingia, mwanangu. Vitabu vya siku hizi havina utamu." Sote tukaamini, na wengine wetu tukaandika makala za kulalamika kwamba watu wazima hawasomi. Kumbe hakuwa mvivu. Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi iliyomo ndani ya jicho inazidi kuwa ngumu na kushindwa kujikunja kuangalia vitu vya karibu. Hakuna anayekwepa hilo. Mkono ukishakuwa mfupi kuliko herufi, mtu anaweka kitabu chini na kutafuta sababu yenye heshima.

Akanunuliwa miwani ya kusomea, ya mtembeza bidhaa. Fremu ilikuwa kubwa, ya kijivu, imekaza kichwani mpaka inaacha alama. Tukamwambia maneno yaleyale: ni dawa, vaa tu. Akaivaa siku mbili. Siku ya tatu wageni wakaja, akaivua haraka akaificha chini ya mto. "Nafanana na bundi," akasema. Tukacheka. Hatukujua tunacheka nini. Miaka sita hakusoma hadithi hata moja.

Msidhani ni yeye peke yake. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari hapa Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba hata wanafunzi waliopewa miwani bure, baada ya miezi mitatu chini ya nusu ndio walioikutwa wameivaa au wanayo shuleni. Bure! Huko Mexico nako, miongoni mwa watoto waliopewa miwani bila malipo, wengi hawakuwa wameivaa walipotembelewa baadaye, na sababu mojawapo waliyoitaja ni mwonekano na kuchekwa na wenzao. Kwa hiyo anayesema kupendeza si muhimu anazungumza na mgonjwa wa kufikirika. Mgonjwa wa kweli ana kioo nyumbani, ana wageni, ana miaka kumi na tano na darasa lenye midomo. Miwani isiyompendeza haivai, na miwani isiyovaliwa haitibu kitu.

Na sisi watu wa fasihi tusijifanye tumesimama pembeni. Nani aliyefundisha darasa lile kucheka? Tazama tunavyowatumia wenye miwani kwenye hadithi. Mwandishi akitaka msomi mwenye maringo, anamvika miwani. Akitaka mtoto mnyonge, miwani. Kwenye filamu binti anavuliwa miwani tu na ghafla anakuwa mrembo, kana kwamba hajaanza kugonga ukuta. William Golding katika Lord of the Flies, mwaka 1954, alimpa miwani yule mtoto mnene ambaye hata jina lake halisi hatulijui, tunajua la utani tu, Piggy. Wenzake wanaichukua miwani ile kuwashia moto kwa jua. Riwaya naipenda, lakini kuna jambo limekwishasemwa na wengi, nami nalirudia kwa furaha: Piggy haoni mbali, na kioo cha asiyeona mbali hutawanya mwanga, hakiukusanyi. Moto ule usingewaka. Mwandishi mkubwa, aliyekuja kupewa Nobel mwaka 1983, aliijua miwani kama alama ya akili na unyonge, akasahau kwamba ni kifaa kinachokaa mbele ya macho ya mtu fulani mwenye tatizo fulani.

Ndilo kosa lilelile la ile kadi ya dukani. Wote wawili wanaona uso wa mwenye miwani kutoka nje. Hakuna anayekaa ndani akauliza, wewe unaona nini?

Basi ifanyike nini? Nitasema nilichofanya. Nilimpeleka mama mdogo kupimwa macho kwanza, kwa sababu baada ya arobaini kuna magonjwa kama presha ya macho ambayo hula uoni kimyakimya bila maumivu, na miwani ya mtaani haiwezi kukuambia. Kisha tukaenda dukani, na nikaomba ile kadi tuachane nayo. Tulianza na pua: fremu za chuma zenye vile vipachiko vidogo vya puani vinavyoweza kupanuliwa. Nikamwambia ainame, acheke, atikise kichwa. Iliyoshuka tukaiweka. Iliyogusa kope au kuinuka na mashavu tukaiweka. Iliyobana kando ya kichwa, nje. Zikabaki tano. Ndipo nikamwambia, "Mamdogo, hapa sasa chagua unayoipenda, mimi sisemi neno."

Akachukua nyekundu ya zambarau, ya mviringo, juu ya uso wake wa mviringo. Muuzaji akafungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.

Mtaniambia, dada, wewe unazungumzia hela. Kweli, fremu na vioo vya kupimwa ni ghali kwa wengi, na sitamlaumu mtu anayenunua ya elfu tano ilimradi amepimwa macho na namba imelingana. Lakini majaribio haya hayaongezi bei. Kuinama ni bure. Kucheka ni bure. Hata kwenye meza ya mtembeza bidhaa kuna fremu ishirini, na mtu ana haki ya kuzivaa zote mpaka apate inayokaa na inayompendeza, bila kuambiwa kwamba mzee hachagui. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2019 lilikadiria watu milioni 826 wana tatizo hilo la umri la kutoona karibu na hawajapata miwani. Wapo humo wasomaji wangapi tuliowaita wavivu?

Ombi langu kwenu ni moja. Mkienda kuchagua miwani, wenyewe au na mzazi, bebeni kitabu. Msisimame mbele ya kioo tu. Kaeni kwenye kiti, fungueni ukurasa, someni dakika kumi mkiwa mmeivaa ile fremu, hata kama vioo vyake ni vya maonyesho. Mkono ukipanda kuisukuma hata mara moja, rudisheni. Halafu ndipo mwende kwenye kioo, na hapo msimsikilize mtu.

Mama mdogo amerudi kwenye riwaya. Juzi amenipigia saa tatu usiku kulalamika kwamba kitabu nilichokisifia humu mwaka jana mwisho wake ni wa ovyo. Tumebishana nusu saa. Bado sijakubali, lakini naona ana hoja.