Michezo ya ridhaa itafute ridhaa ya wachezaji

Katika Kiswahili mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Neno hilo ni zito kuliko linavyochukuliwa na wengi, kwani ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mwalimu au karani anayeshika raketi ya tenisi siku ya Jumamosi hakufungwa na mkataba wala hakuvutwa na malipo. Ametoa saa zake za mapumziko. Basi wanaopanga mashindano ya mwisho wa wiki bila ya kumwuliza anapendelea siku gani, saa ngapi na utaratibu upi, wanatumia mali isiyo yao.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Ruvuma, ambao ni mpana. Kutoka Mbinga hadi Songea mjini ni karibu kilomita 100, na kutoka Tunduru ni zaidi ya kilomita 250. Mtumishi wa Tunduru akiitwa kucheza Songea Jumamosi asubuhi, hana budi kusafiri Ijumaa baada ya saa 9:30 alasiri, kazi zinapokwisha, na kufika usiku. Jumatatu saa 1:30 asubuhi anatakiwa awe kazini. Ni haki yake kujua kabla ya kulipa nauli kwamba atacheza kiasi gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wachezaji 16 wakipangwa kwa mtoano, michezo yote ni 15, na wanane kati yao hucheza mara moja tu kisha wakawa watazamaji. Aliyetolewa akiwa mkazi wa Songea mjini hurudi kwake kwa miguu akapata chakula cha mchana na watoto wake. Wa Tunduru ametumia usiku mzima na fedha yake kwa mchezo wa saa moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana waandaaji walio mjini huona mtoano unatosha.

Wachezaji hao 16 wakigawanywa katika makundi manne ya watu wanne, kila mmoja atacheza si chini ya mara tatu. Lakini hapo michezo ya makundi peke yake ni 24. Tuseme pana viwanja viwili, na kila mchezo huchukua saa moja na nusu: zitahitajika saa 18 kwa kila uwanja, na mwanga wa mchana haufiki hapo. Mchezo ukifanywa wa seti moja ya dakika 40 hivi, kazi yote ya makundi humalizika kwa saa nane. Nusu fainali na fainali hubaki kwa Jumapili.

Wapo watakaosema kwamba kufupisha mchezo ni kuuharibu. Hao na wakumbuke kwamba mashindano makubwa ya dunia yamefupisha pia. Mtindo wa kumaliza seti kwa pointi chache za kuamua ulianza kutumika katika mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1970, na Wimbledon mwaka 1971. Seti ya mwisho iliachwa iendelee Wimbledon, hata mwaka 2010 John Isner na Nicolas Mahut wakacheza kwa saa 11 na dakika 5, katika siku tatu, na seti hiyo ikaisha 70 kwa 68. Tangu mwaka 2022 mashindano yote manne makubwa humaliza seti ya mwisho kwa pointi 10 za kuamua. Ikiwa wachezaji wanaolipwa, wenye wiki mbili za mashindano, wamewekewa mpaka, mwalimu mwenye siku moja na nusu ana haki zaidi ya kuwekewa.

Suala la siku nalo halifai kuamuliwa mezani. Jumapili asubuhi Wakristo wengi wapo kanisani; Waadventista Wasabato huabudu Jumamosi; Waislamu wana sala ya Ijumaa adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani hautaki mchezo wa jua kali. Mvua za Ruvuma hunyesha tangu mwisho wa mwaka hadi Aprili, na huo ndio wakati ambao watumishi wengi hushughulikia mashamba yao ya mahindi. Katikati ya mwaka walimu huwa na wanafunzi katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Tena akina mama, ambao kazi za nyumbani huwangoja, hawawezi kupangiwa mchezo wa saa 12 alfajiri au wa jioni bila ya kuulizwa.

Hakuna siku itakayowaridhisha wote, na hiyo ndiyo sababu ya kuuliza. Fomu ya kujiandikisha iwe na maswali matatu: siku ipi, mtoano au makundi, mchezo mrefu au mfupi. Majibu yahesabiwe hadharani. Wengi wakipata matakwa yao safari hii, wachache wakumbukwe safari ijayo; na mashindano yazunguke, leo Songea, kesho Mbinga, keshokutwa Tunduru. Ratiba itoke mwezi mmoja kabla, wala isibadilishwe Ijumaa jioni.

Mchezaji wa ridhaa asiyeulizwa hagomi wala haandiki barua ya malalamiko. Safari ijayo haji tu. Kisha waandaaji hushangaa kwamba watumishi hawapendi michezo.