Uhuni upimwe kwa matendo

Hakuna jamii isiyokuwa na mipaka ya mwenendo. Popote watu wanapoishi pamoja, yapo yanayoruhusiwa na yapo yanayokatazwa, na anayeuvuka mpaka hurudishwa kwa maonyo, kwa faini, kwa kutengwa au kwa kifungo. Bila ya hayo hapana amani wala maendeleo. Lakini hapana budi kuuliza: ni nani anayeuchora mpaka huo, na kwa faida ya nani?

Neno "mhuni" latoa fundisho. Maana yake mojawapo ya zamani ni mtu asiyeoa, kapera asiyekuwa na mji wake. Hilo si jina la mhalifu. Katika miji ya enzi ya ukoloni ndimo kijana asiyekuwa na ajira alimobandikwa jina hilo kana kwamba ni hatia. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika iliowaita wasiotakiwa. Mtu aliyekosa kazi ya kudumu aliweza kuamriwa arudi kwao, ingawa hakuiba wala hakumpiga mtu. Kosa lake lilikuwa kuonekana mjini bila ya bwana wa kumtumikia.

Fikra hiyo wakoloni walikuja nayo kutoka kwao. Sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 ilitungwa wakati askari waliotoka katika vita vya Napoleon, vilivyokwisha mwaka 1815, walipokuwa wakitangatanga bila ya kazi wala makao. Badala ya kuuondoa umaskini, Bunge la mabwana liliufanya kuwa kosa. Kisha makoloni yakarithishwa kosa hilo katika kanuni zao za adhabu.

Baada ya Uhuru, Tanzania ilijenga msimamo wake juu ya kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mwenye uwezo afanye kazi, na asiwepo mtu wa kuishi kwa jasho la mwenzake. Msimamo huo ulikuwa wa haki. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya nguvukazi, na wakazi wengi wa Dar es Salaam waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa na kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kuongeza uzalishaji. Hata hivyo wengi walirejea mjini, maana gari la kuwachukua halikuwa na dawa ya shida iliyowatoa vijijini.

Miaka thelathini na mitano baadaye, Desemba 2018, Rais John Magufuli aligawa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, ili wasibughudhiwe. Mchuuzi wa barabarani, ambaye zamani aliitwa mzururaji, sasa akaitwa mjasiriamali. Kazi yake haikubadilika. Kilichobadilika ni jicho la jamii.

Afrika nayo imekwisha kusema. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi, katika shauri la mchuuzi wa mifuko ya plastiki, ilibatilisha kifungu cha uzururaji kilichorithiwa kutoka kwa wakoloni. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinazohusika zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Wako watakaosema kuwa miji itajaa wezi. Hoja hiyo haina msingi. Mwizi ashitakiwe kwa wizi, muuza bangi kwa bangi, na anayeziba njia aondolewe njiani na kuonyeshwa mahali pa kufanyia biashara. Hayo ni matendo, na yana ushahidi. Kandambili zilizochakaa na mfuko mtupu si ushahidi wa jambo lolote.

Tena ipo dhuluma nyingine ndani ya kipimo cha sura. Anayefuja mamilioni ya ushirika wa wakulima huku amevaa suti hakuna mgambo anayemkimbiza sokoni, wala hakuna anayemwita mhuni. Huyo ndiye kupe aliyelaaniwa tangu zamani.

Viongozi wa halmashauri, polisi na mgambo hawana budi kuukumbuka ukweli huo kila wanapopanga misako. Taifa lililopigania utu wa Mwafrika haliwezi kuendelea kumpima raia wake kwa fimbo iliyochongwa na mkoloni.