Gitaa la Benga na Uhai wa Muziki wa Roki

Muziki wa roki umetabiriwa kifo mara nyingi. Ulipozuka nchini Marekani katika miaka ya 1950 wazee waliuita kelele za vijana. Vijana wale leo ni mababu, nao wangali wanausikiliza pamoja na wajukuu wao. Aghalabu kudumu huko huelezwa kwa mambo mawili, ujana na uasi. Maelezo hayo hayatoshi, kwani ujana hupita na uasi huchosha. Anayetaka maelezo bora hahitaji kuvuka bahari. Afike Homa Bay na Migori, katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, aisikilize benga.

Benga, sawa na roki, ni muziki wa magitaa ya umeme uliosimama juu ya msingi wa kale. Roki ilirithi bluzi ya Wamarekani weusi. Benga ilirithi nyatiti. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda, akadonoa nyuzi 8, huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao wa chombo na njuga zikilia. Mtu mmoja hufanya kazi ya kundi zima. Wanamuziki wa miaka ya 1960 waliigawa kazi hiyo: solo, ridhimu, besi na ngoma. Miongoni mwao alikuwa Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Gitaa lilikuwa geni, lakini kazi liliyopewa haikuwa ngeni.

Wimbo wa benga una kilele. Mwimbaji husimulia, gitaa la solo likimfuata nyuma kama mtu anayeitikia. Kisha maneno hukoma, besi hupanda, na magitaa peke yake huushika wimbo. Hapo ndipo wachezaji huinuka. Roki nayo ina mahali pake pa namna hiyo, pale mpiga gitaa anaposonga mbele na mwimbaji akarudi nyuma. Mvuto unaodumu umo hapo, mahali ambapo hapana hata neno moja la kunukuu.

Hapa pana tatizo kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Wimbo huletwa darasani ukiwa beti zilizochapwa. Huulizwa dhamira, tamathali na mizani, na mjadala ukaishia hapo. Nyatiti ya asili hupewa heshima ya urithi, ila urithi ule ule ukitiwa umeme huitwa burudani ya baa. Kigezo hicho ni dhaifu mno. Katika dansi la benga bado mtu hutoa fedha, muziki ukapunguzwa, naye akajisifu na kuwasifu jamaa zake na kwao mbele ya hadhira. Wajaluo huita pakruok. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyesoma majigambo atayatambua mara moja, tena yakiwa hai na yakilipiwa.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba benga huimbwa zaidi kwa Dholuo, hivyo haiwahusu wana-Kiswahili. Zimbabwe inamjibu. Santuri zilizosambazwa na mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni, zilipendwa huko na watu wasiojua Dholuo hata kidogo, hadi muziki huo ukaitwa kanindo. Lebo yake mojawapo iliitwa Sungura, na sungura ndilo jina la muziki wa magitaa wa Zimbabwe hata leo. Neno la Kiswahili lilisafiri hadi kusini mwa Afrika mgongoni mwa gitaa la Mjaluo, na ni nadra habari hiyo kutajwa panapozungumziwa kuenea kwa Kiswahili.

Roki na benga zenyewe zilikwisha kukutana. Kundi la Extra Golden, lililowaunganisha wanamuziki wa roki wa Marekani na wa benga wa Kenya, lilitoa albamu ya Ok-Oyot System mwaka 2006. Hakuna upande uliolazimika kujifunza upya namna ya kuujenga wimbo. Kila mmoja alikuwa na kilele chake tayari.

Mwaka huo huo Misiani alifariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu. Mafumbo yake ya kisiasa, yaliyowahi kumtia mashakani na serikali, yamejadiliwa sana, na ni haki yajadiliwe. Lakini waliocheza dansi zake hawakuinuka kwa sababu ya mafumbo peke yake. Mtafiti anayekwenda leo Mbita au Awendo kukusanya nyimbo, akakizima kinasa sauti mara tu mwimbaji anaponyamaza, hurudi chuoni na nusu ya wimbo, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyowatoa watu vitini.