Usukani Unaovuja: Kuongeza Mafuta si Kutengeneza

Msimu wa korosho unapofika, barabara iunganishayo Nachingwea na Ruangwa hujaa magari. Yako malori yenye shehena, pikapu za wachuuzi, na magari madogo ya abiria ambayo aghalabu yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka mingi huko Japani. Mtu apitaye asubuhi mahali yalipolala magari hayo hakosi kuona doa la mafuta ardhini, karibu na gurudumu la mbele. Dereva naye huliona. Hufungua boneti, humimina mafuta kidogo katika kikopo cha usukani, hufunga, kisha huendelea na safari yake. Kesho yake hufanya vilevile, na keshokutwa pia, mpaka kuongeza mafuta kukawa desturi kama kunawa uso.

Desturi hiyo ndiyo inayostahili kukosolewa. Kuongeza mafuta si kutengeneza. Ni kuahirisha, na kuahirisha huku kunatokana na kutoelewa kinachotendeka ndani ya chombo chenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika usukani wa gari, ufa ni sili ya mpira yenye bei ndogo, na ukuta ni pampu nzima au reki nzima ya usukani.

Nguvu itokayo katika mafuta

Usukani wa pawa si jambo la miujiza. Mhandisi Francis W. Davis wa Marekani aliuonyesha ukifanya kazi katika gari mwaka 1926, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari ya abiria yenye usukani wa namna hiyo. Msingi wake ni wa kale zaidi. Ni kanuni ya Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 17, ambayo mwanafunzi wa sekondari huikuta katika somo la fizikia: kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande.

Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kupitia hozi ngumu hadi kwenye reki, na humo vali hupeleka mafuta upande wa kushoto au wa kulia wa pistoni, kwa kadiri dereva anavyokata usukani. Usukani ukatwapo gari likiwa limesimama, kanieneo ya mafuta yaweza kupita kilogramu 70 kwa kila sentimita mraba. Kanieneo hiyo ni kama mara 35 ya ile iliyomo katika tairi la gari dogo. Ikiwa pistoni ina eneo la sentimita mraba 10, basi nguvu inayopatikana ni sawa na uzito wa kilogramu 700, yaani magunia 7 ya kilo 100. Hiyo ndiyo nguvu imsaidiayo dereva, na hiyo ndiyo nguvu itafutayo mahali pa kutokea.

Kwa hiyo mafuta hayavuji kwa sababu gari ni "zee" tu. Huvuja mahali ambapo kizuizi kimeshindwa: katika kiungo cha hozi, katika oringi, katika sili ya mhimili wa pampu, au katika sili za ncha za reki. Nachingwea na Ruangwa zina sababu ya ziada. Fimbo ya reki hufunikwa kwa raba yenye mikunjo. Raba hiyo ikipasuka, vumbi la barabara huingia wakati wa kiangazi na matope huingia wakati wa mvua. Mchanga hukwaruza, maji huleta kutu, na fimbo iliyokuwa laini kama kioo hugeuka tupa. Kila usukani ukatwapo, tupa hiyo hupita juu ya sili ya mpira. Dereva aliyepuuza raba iliyopasuka mwezi Januari asistaajabu reki ikivuja mwezi Juni.

Kosa la mafuta yasiyofaa

Kuna kosa jingine ambalo elimu ndogo ya kemia ingelizuia. Madereva wengine, wakikosa mafuta ya usukani, humimina mafuta ya breki, kwa dhana kwamba kila kimiminika chenye kuteleza ni ndugu wa mwenzake. Si kweli. Mafuta ya breki ya kawaida yametengenezwa kwa glaikoli, na sili za breki zimetengenezwa kwa mpira unaostahimili glaikoli. Sili za usukani ni za mpira wa aina nyingine, uliochaguliwa kwa ajili ya mafuta ya petroli. Ukizitia katika glaikoli huharibika, zikalegea na kuvimba. Vivyo hivyo, mafuta ya usukani yakiingia katika breki huvimbisha sili zake, na breki zikaweza kushika zisiachie, au zisishike kabisa. Magari mengi hutaka mafuta yaleyale ya giaboksi ya otomatiki, mengine hutaka mafuta maalumu. Jibu limo katika kitabu cha gari au juu ya kifuniko cha kikopo, na kusoma maneno hayo machache hakumgharimu mtu kitu.

Zipo pia dawa za chupa zinazosifiwa kuwa huziba mvujo. Nyingi hufanya kazi kwa kuulainisha na kuuvimbisha mpira uliokakamaa. Mvujo mdogo waweza kutulia kwa muda. Lakini mpira uliokatika hauungani kwa dawa, na fimbo yenye kutu hailainiki kwa dawa. Msafiri aliye mbali na mji aweza kusamehewa akiitumia ili afike. Mwenye gari anayeitumia kila mwezi anajidanganya.

Kazi ya nyumbani na mipaka yake

Je, mwenye gari aweza kuitengeneza hitilafu hii nyumbani? Sehemu yake aweza, na sehemu nyingine asithubutu. Kujua mpaka kati ya mbili hizo ndiyo elimu yenyewe.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi, wala haihitaji fundi. Mafuta huteremka na kupeperushwa na upepo wa safari, hata tone likadondoka mbali na lilikotoka. Kwa hiyo injini izimwe na ipoe, sehemu zote zisafishwe na kukaushwa, karatasi safi itandikwe chini, kisha injini iwashwe na msaidizi akate usukani kulia na kushoto. Asiushikilie ukiwa umefika mwisho zaidi ya sekunde chache, kwa maana hapo kanieneo hupanda mno na mafuta huchemka. Anayechunguza atumie tochi na macho, asipapase kwa vidole: mafuta yatokayo katika tundu dogo kwa nguvu nyingi huweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali.

Ikiwa mvujo umo katika hozi ya kurudishia mafuta, ambako nguvu ni ndogo, kazi ni nyepesi. Hozi hukatwa ncha iliyochakaa au hubadilishwa kwa nyingine istahimiliyo mafuta, kisha hufungwa kwa klipu mpya. Raba ya reki iliyopasuka nayo hubadilishwa mapema, kabla vumbi halijafanya kazi yake. Lakini hozi ya nguvu isifungwe kwa utepe wa tyubu ya tairi, hata kwa dakika moja. Ibadilishwe nzima. Sili za pampu na za reki zapasa kupelekwa kwa fundi mwenye vifaa, maana reki ikifunguliwa lazima magurudumu yapimwe upya mwelekeo wake. Na yeyote anayeingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake, wala mawe, wala magogo. Gari likae juu ya stendi imara.

Kazi ikiisha, hewa iliyoingia lazima itolewe. Magurudumu ya mbele huinuliwa, usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara nyingi injini ikiwa imezimwa, na mafuta huongezwa kila yapunguapo. Povu katika kikopo ni dalili kwamba hewa bado imo. Sababu yake ni fizikia ileile: hewa hushindilika, mafuta karibu hayashindiliki.

Wako watakaosema kwamba madhara ya mvujo yanatiwa chumvi, kwa sababu mafuta yakiisha gari bado hupinda. Hilo ni kweli kwa sehemu. Usukani umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma, na mafuta ni msaada tu. Lakini msaada ukikatika ghafla katikati ya kona, huku pikapu imejaa watu na magunia, mkono usiotarajia uzito huo huchelewa. Pampu inayozunguka bila mafuta husagika. Mafuta yakidondokea ekzosi yenye moto huweza kuwaka. Na yale yanayoishia ardhini huchafua udongo na visima vya jirani asiye na gari.

Nachingwea na somo la mashine

Nachingwea ni mahali pafaapo kufikiria mambo haya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zililetwa mashine za kila namna, nyingi zikiwa masalio ya Vita Kuu ya Pili, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikafika Nachingwea. Mwaka 1951, mwaka uleule usukani wa pawa ulipoingia sokoni, mpango huo uliachwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960, ndiyo sababu mazao ya wilaya hizi hutegemea magurudumu ya mpira. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi: udongo usiopimwa vizuri, mvua zisizotabirika, pupa ya wakubwa. Mojawapo ilikuwa hii, kwamba mashine zilitangulia na ujuzi wa kuzitunza ukafuata nyuma kwa mbali.

Mwaka huohuo wa 1967 taifa lilipotangaza Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Shule nyingi zililitafsiri kuwa ni jembe na shamba tu. Tafsiri hiyo ilikuwa finyu. Kujitegemea ni pamoja na kuielewa mashine ambayo mtu amekwisha kuinunua.

Shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa hazihitaji maabara ya fahari ili kuanza. Mabomba mawili ya sindano yenye ukubwa tofauti, yakiunganishwa kwa mrija wenye maji, humwonyesha mwanafunzi kanuni ya Pascal kwa vidole vyake mwenyewe. Akitia hewa kidogo badala ya maji, ataelewa kwa nini usukani hutolewa hewa. Darasa la hisabati nalo laweza kupewa swali hili: gari hudondosha tone moja kila sekunde 10, hutembea saa 2 kwa siku, na matone 20 hufanya mililita 1, je, mwenye gari hupoteza mafuta kiasi gani kwa juma? Jibu ni mililita 252, zaidi ya robo lita. Mwanafunzi akizidisha kwa majuma ya mwaka na kwa bei ya duka la mji wake, atakuwa amepata hoja ya kumpelekea mjomba wake dereva.

Kisha walimu wawapeleke wanafunzi chini ya mkorosho ambako fundi wa mtaa hufanya kazi. Fundi huyo anajua kwa mkono mambo mengi ambayo kitabu hayakuyasema, na kitabu kinajua sababu ambazo yeye hakupata kuelezwa. Tangu zamani wawili hao wameishi mji mmoja bila kuamkiana. Magari mapya yenye usukani wa umeme, usiotumia mafuta, yanazidi kuingia, na yatakapojaa, sili na hozi zitakuwa habari za jana. Lakini mtu aliyezoea kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kuifunika ataweza kujifunza na mashine hiyo mpya. Aliyezoea kuongeza mafuta tu hatakuwa na kikopo cha kumiminia.