Sugu za ukoo

Najua wengi mnapenda kusomewa viganja mwambiwe mtaoa au kuolewa na nani. Leo nawasomea kivingine, na wala si ramli.

Mwaka 1958 madaktari waliandika habari za familia mbili za Liverpool, Uingereza. Baadhi ya watu wa humo walikuwa na ngozi nene viganjani na nyayoni, sugu kama za mbeba zege, hata kama hawajawahi kushika koleo. Wenye sugu hizo ndio hao hao waliokuwa wakipata saratani ya umio, lile bomba linaloteremsha msosi toka kooni hadi tumboni. Ndugu zao wasio na sugu, karibu wote salama. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 wenye sugu wangeupata ugonjwa huo kabla ya miaka 70.

Ingekuwa kwetu, hapo tungeshaanza kusaka mchawi! Mchawi mwenyewe alinaswa mwaka 2012: kosa dogo kwenye jeni iitwayo RHBDF2, iliyoko kwenye kromosomu namba 17. Ikiwa na kosa, seli za ngozi na za umio zinahimizwa kukua kupita kiasi. Ukirithi nakala moja tu mbovu, ya baba au ya mama, inatosha. Kila mtoto ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi.

Sasa wewe mshikaji unayebeba mizigo sokoni, usipate presha bure! Sugu za kazi ni za kazi tu, na ugonjwa huu ni adimu mno. Sugu za ukoo huanza utotoni, na utaziona pia kwa mzazi, shangazi au binamu.

Faida ya kujua? Mwenye jeni hiyo hangoji chakula kimkwame. Anashauriwa kupimwa umio kwa mpira wenye kamera kila mwaka, tatizo lidakwe likiwa bado dogo. Aliyepimwa akakutwa hana, anapumua.

Wazee wetu kwenye posa huuliza ukoo wa mchumba una ugonjwa gani, nasi tunawacheka. Mimi naona swali ni zuri, ila linapelekwa kwa jirani. Liulize kwenu kwanza. Babu alikufa kwa nini? Na shangazi je? Ukijibiwa "aliugua tu", usikubali, chimba!

Haya, tukutane wiki ijayo.