Shilingi Izungukayo Mji wa Kale

Yapo mazoea ya kuupima uchumi wa Mombasa kwa winchi za Kilindini na kwa idadi ya watalii waingiao Ngome ya Yesu. Vipimo hivyo sivipingi. Nasema tu kwamba vinamsahau mama auzaye mahamri na mbaazi barazani, Mji wa Kale, ambaye matumizi yake ya kila siku huwalisha watu asiowajua.

Mapato ya mama huyo hayalali. Hununua unga dukani, nazi na iliki Marikiti, makaa kwa mchuuzi, kisha akamlipa kijana wa mkokoteni. Nazi hizo ziliangushwa na mkwezi wa Kilifi au Kwale, naye mkwezi ana karo ya kulipa. Wanauchumi huliita jambo hili kizidishi. Richard Kahn alilieleza mwaka 1931, na Keynes akalieneza mwaka 1936. Kwa wanafunzi hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila apokeaye shilingi hutumia senti 60 humu humu Pwani: shilingi 1,000 za mwanzo zitazaa mapato ya shilingi 2,500 kabla ya kuisha nguvu. Zikitumika senti 30 tu, jumla haifiki 1,450.

Tofauti hiyo ndiyo ningependa walimu waikazie, kwani shilingi huvuja. Ngano tuilayo nyingi hutoka nchi za nje, na leso nyingi za Barabara ya Biashara huchapwa India. Hata hivyo, leso huuzwa jozi, na haivaliki vizuri kabla ya kukatwa na kupindwa. Ujira wa fundi cherehani hubaki hapa. Ndiyo sababu duka dogo lenye mafundi na wachukuzi lina manufaa yapitayo ukubwa wake.

Asiyesadiki na akumbuke mwaka 2019. Amri ya kusafirisha makontena kwa reli mpya hadi Nairobi ilipokazwa, hawakuumia wenye malori peke yao. Utingo, fundi wa magurudumu, mpishi wa kibandani, mwenye vyumba vya kupangisha, wote walipungukiwa, na watu wakaandamana mjini. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya iliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Kizidishi, kumbe, huzidisha hasara vilevile.

Basi hunishangaza ofisi ya umma inaponunua kwa mfanyabiashara mdogo, kisha ikaikalia hati yake ya malipo miezi na miezi. Madeni ya kaunti kwa wauzaji, Mombasa ikiwamo, yametajwa mara kwa mara katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Seremala aliyepeleka madawati asilipwe hanunui mbao, hampi mwanagenzi wake ujira, na dukani huandikisha deni. Mwenye duka naye humwambia muuza unga angoje.